Machela Kavu Njia ya Maji Mazuri

Mmeniuliza mara nyingi, ndugu zangu mlio nyumbani, kilichonipeleka msituni peke yangu wakati wa mvua kubwa. Nilimfuata Zakaria, mdogo wangu, aliyekuwa akifanya kazi kwenye kiwanda cha mbao juu ya Maji Mazuri. Gadi wa garimoshi la mizigo alinishushia habari pale karakana ya reli ya Nakuru, nilikofanya kazi: Zakaria ameshikwa na kichomi, hawezi kutembea, na malori yameshindwa kupanda kwa ajili ya matope. Sina ndugu mwingine wa tumbo moja. Nikaomba ruhusa kwa msimamizi, nikakunja machela yangu ya turubai niliyorudi nayo kutoka vita vya Bama, nilipokuwa askari wa Mwingereza, nikaondoka. Nilitaka nimlaze humo, wenzake wambebe hadi stesheni. Lakini mwenye kichomi halazwi kwenye kitu kilicholowa, kwa hiyo machela ilikuwa lazima ifike kavu.

Kutoka Nakuru safari ilikuwa kimya. Menengai ilikuwa imefunikwa na mawingu hata huwezi kujua kama kuna mlima. Ilikuwa miaka ya hali ya hatari, na ndani ya behewa kila mtu alilinda ulimi wake. Rongai askari walipanda kuangalia pasi, wakashuka, tukaendelea kutazamana magoti. Nilitamani mtu aniulize tu ninakwenda wapi.

Maji Mazuri tulifika jioni, mvua ikimwagika. Mama Rael, mke wa fundi wa reli na mtu wa kanisa letu, alinipokea kwa chai ya moto. Alipoona mzigo wangu akauliza ni nini, nami kwa ujinga wangu nikamjibu kweli. Akaweka birika chini.

"Wewe karibu, baba. Lakini hiyo ibaki nje," alisema. "Machela ikiingia kwa nyumba, inaingia kuchukua mtu. Mimi niko na watoto hapa."

Sikubishana naye. Niliona hofu yake ni ya kweli, na nyumba ni yake. Ila kuiacha machela nje mvuani ni sawa na kumwacha Zakaria nje mvuani, basi nikatoka nayo. Niliifunga kati ya mitarakwa miwili nyuma ya jiko, nikatandaza turubai lingine juu kama paa, nikalala nikisikia watoto wake wakiomba sala ya usiku. Sijawahi kujiona mgeni hivyo.

Asubuhi mgongo wangu ulikuwa ndani ya maji. Nilichunguza paa, halikuwa na tundu hata moja. Kumbe maji yalikuwa yakiteremka kwenye shina la mti, yanashika kamba, yanaifuata kamba mpaka ndani ya machela. Tena kila mahali kiwiko changu kiliposukuma paa, turubai lilikuwa limeanza kupitisha maji. Mama Rael aliniwashia moto kwenye kibanda cha nje na kuniletea uji, nikaikausha machela mpaka mchana. Roho iliniuma kwa muda ule uliopotea.

Njia ya msituni niliianza alasiri na sikukutana na mtu. Mianzi ilikuwa imeinamia njia, na nyayo za nyati zimejaa maji. Giza liliponikuta kwenye njia panda, ambapo njia ya zamani ya magogo inaachana na mpya, nikafunga machela kando ya barabara. Safari hii nilirarua fulana yangu, nikafunga vipande kwenye kamba zote mbili, karibu na mahali machela inapoanzia. Maji yakija na kamba yanakutana na kitambaa, yanadondoka chini. Paa nililivuta pembeni kwa vigingi lisiniguse. Nikajifunika blanketi gubigubi. Mvua ilipiga, nami nikabaki mkavu kama unga, sina wa kumwonyesha.

Alfajiri nilisikia magurudumu ya gari la ng'ombe, na sauti za watu. Gari likasimama. Nikauliza kutoka ndani ya blanketi, "Nani hapo?" Hakuna aliyejibu. Nilisikia mjeledi tu, na ng'ombe wakikimbizwa kuelekea njia ya zamani. Nikadhani ni walevi.

Kiwandani nilifika jua likianza kutoka, machela kavu begani. Kitanda cha Zakaria kilikuwa kitupu. Jirani yake akaniambia wenzake walichoka kungoja, wamemshusha kwa gari la ng'ombe tangu usiku. Nilikaa kidogo kwenye kile kitanda, kisha nikashika njia ya kurudi.

Nakuru nilimkuta wodini, akihema kwa shida. Alinisimulia kabla sijamwambia lolote. Njiani waliona machela, mtu amefunikwa mpaka kichwani, wakajua wabebaji wameacha maiti wakaenda kujikinga na mvua. "Halafu maiti ikauliza nani hapo," alisema, akacheka mpaka kikohozi kikamkatiza. Kwa woga walishika njia ya zamani, gari likazama matopeni, naye akalala juu ya gari lile lililolowa, bila kifuniko, mpaka mchana.

"Zakaria," nilisema, "ni mimi nilikuwa pale. Nilikuwa nakuletea hiyo machela."

Alinigeuzia uso.

"Ulinyeshewa?"

"Hapana. Hata tone."

"Afadhali," alisema, akafumba macho.

Hakuifikia Jumapili. Tulimzika Nakuru, kwa kuwa njia ya nyumbani nayo ilikuwa imekatika.

Basi nimewaeleza habari ya vitambaa kwenye kamba, na paa lisiloguswa. Vinafaa, vifuateni. Lakini ukilala kando ya njia usijifunike uso, ili apitaye ajue wewe ni mzima. Mimi siku hizi hulala uso nje, hata mvua ikinyesha.