Tulipobaki Nyumba Mbili

Nilipoletwa kwa mume wangu kama bibi arusi, soko letu dogo chini ya Kapsoit halikujua kunyamaza. Magari ya ng'ombe yaliyopeleka mizigo Kericho yalipumzika pale, na waendeshaji wake walikunywa uji wa wimbi kwetu sisi wanawake. Palikuwa na Mhindi mwenye duka lililojengwa kwa mabati, na fundi wa vyuma aliyegonga majembe tangu umande haujakauka. Ukiangusha chungu, majirani watatu walikuuliza umevunja nini.

Kisha wenye mashamba ya chai wakachonga barabara ya malori ng'ambo ya bonde. Magari ya ng'ombe yakapungua, halafu hayakuja tena. Tulisikia malori yakiunguruma upande ule bila kuyaona. Fundi alikuwa wa kwanza kuhama. Mhindi alipakia vitambaa vyake na chumvi yake juu ya punda, akaacha jengo, kwa kuwa mabati yalikuwa yameshaliwa na kutu. Vijana walikwenda kuchuma chai. Waliokuwa bado wanasitasita waliondoka mwaka ule nzige walipomaliza wimbi wetu kwa siku mbili.

Zikabaki nyumba mbili. Moja ilikuwa yangu. Nyingine ilikuwa ya bibi kizee ambaye sote tulimwita kogo, yaani nyanya, ingawa hakuwa nyanya yangu wa damu. Nyumba yake ilipakana na ukuta wa nyuma wa lile duka. Macho yake yalikuwa yameingia ukungu, na mwanawe wa pekee alikuwa amehamia Sigor. Mume wangu alifanya kazi kwenye kiwanda cha chai na alikuja Jumapili tu. Siku nyingine zote tulikuwa mimi, kogo, na binti yangu wa miezi mitano mgongoni.

Niliogopa mchana kuliko usiku. Usiku nilifunga mlango nikajua nimejifungia. Mchana ilinibidi nipite katikati ya zile nyumba tupu nikienda kisimani, na nilianza kuzungumza peke yangu nisikie sauti ya mtu. Milango iliyofunguliwa na upepo niliirudishia. Kesho yake niliikuta wazi tena. Nilijiambia ni upepo tu, lakini nilitembea haraka, na mtungi ulifika nyumbani nusu.

Asubuhi moja mbuzi wetu hakuonekana. Nilimtafuta kisimani, nikamtafuta kwenye majivu ya fundi, kisha nikasikia kitu kikikwaruza ndani ya duka. Nikadhani amekwenda kulamba sakafu palipokuwa na magunia ya chumvi. Mlango ulining'inia kwa bawaba moja. Niliinama nikaingiza kichwa.

Harufu ndiyo iliyonipokea. Kisha nikaona mguu wa mbuzi wangu juu ya meza ile ile Mhindi alipokuwa akipimia sukari. Nyuma yake, kwenye rafu ya chini iliyokuwa ya vitambaa, chui alikuwa amelala ananitazama. Hakunguruma, mdomo wake tu ndio ulikuwa na damu.

Nilirudi kinyumenyume. Nilipofika katikati ya soko mtoto akaanza kulia. Nilimsukasuka, nikambembeleza, akazidi. Ndipo nikapiga ukemi, ule wa wanawake wa kwetu ambao zamani ungetoa wanaume wote nje na mikuki. Nikapiga tena. Sauti yangu ilikwenda ikagonga kuta, ikaisha. Hakuna mlango uliofunguka. Hapo ndipo nilipoelewa, mwilini kabisa, kwamba mji wetu umekwisha.

"Ni nini, mtoto wangu?" kogo aliuliza kutoka kwake.

"Chui, kogo. Yuko dukani. Usitoke."

Akatoka. Mkono mmoja ulishika kijinga cha moto na mwingine debe la kutekea maji, na kwa vile hakuona vizuri alifuata kilio cha mtoto, akipita sawasawa mbele ya mlango wa duka.

"Kogo, rudi. Uko mlangoni pake."

"Umeita," alisema. "Nani mwingine atakuja?"

Aligonga debe kwa kile kijinga, cheche zikaruka. Chui akatoka. Alipita karibu naye kiasi kwamba kanga yake ilitikisika, nikafumba macho. Nilipoyafumbua, kogo alikuwa bado amesimama, na chui anakatiza soko polepole, bila kugeuka, kama mtu anayekwenda shambani kwake. Angekimbia, hofu yangu ingepungua.

Tulijifungia kwangu, tukasogeza kinu mlangoni. Nilimshika kogo mabega, nikamketisha.

"Nimekuwa nikimsikia akipumua ukutani tangu mwezi mchanga," alisema. "Nilidhani ni mbwa wa Mhindi amerudi. Nikafurahi."

Hatukutoka kuteka maji siku mbili, mpaka mume wangu alipokuja. Aliutazama mlango wa duka, akaokota kwato za mbuzi. "Fungeni vitu," alisema. Jumatatu hiyo alituhamishia kambi ya wafanyakazi, mahali ambapo majirani zangu walikuwa watu wa kutoka upande wa ziwa na sikujua hata kuwasalimu kwa lugha yao. Kogo alikaa nasi mpaka mwanawe alipofika kutoka Sigor kumchukua. Aliniaga akinipapasa uso, akaniambia nimpe binti yangu maziwa ya ng'ombe mapema. Alifariki huko mvua zilipoanza, na habari ilinifikia baada ya mazishi.

Miaka michache baadaye nilitumwa na nyapara kuchuma chai kwenye ukingo ule palipokuwa soko letu. Michai ilikuwa imepandwa mpaka kisimani. Wenzangu waliingia kwenye mistari yao wakiimba. Mimi nilisimama barabarani na kapu tupu, jasho likinitoka, mpaka mwanamke mmoja wa ziwani akanishika mkono, akanipa mstari ulio karibu na wake.