Honi ya Baba Najma

Kuna watu wameumbwa kuwapa mafundi presha, na wa kwangu ni Sadallah, dereva teksi wa hapa Bagara, mjini Babati. Mimi Scola, au Mama Irine, ni fundi umeme wa magari, na nimemwambia mpaka mate yamenikauka: fyuzi ikiungua, weka fyuzi nyingine. Yeye huichomoa, anaizungushia karatasi ya kung'aa ya pakiti ya sigara, anaichomeka palepale, kisha anacheka. Na sigara yenyewe havuti! Pakiti anaokota stendi.

Jumamosi ile alikuwa anampeleka binti yake Najma kwa mume, kule Bonga. Aliendesha mwenyewe, kwa sababu alimwahidi marehemu mkewe kwamba siku hiyo atapita kwenye makaburi ya barabara ya Dodoma akipiga honi, ili huko aliko asikie mtoto ameolewa. Ahadi ya kichaa, lakini ahadi. Mimi nilikaa mbele, Najma nyuma.

Honi aliibonyeza tangu mlangoni kwake bila kupumzika. Kufika stendi, ikakata. Akabonyeza, akaupiga usukani ngumi, wapi! Magari ya harusi nyuma yetu, yaliyokuwa yakiitikia honi yake, nayo yakanyamaza. Sasa msafara wa magari yaliyowasha taa, unakwenda polepole, kimya, Babati tunajua ni wa nini. Bodaboda wakasogea pembeni. Mzee mmoja akavua kofia, akafanya ishara ya msalaba.

"Poleni sana jamani," akatuambia.

"Pole ya nini? Harusi hii!" Sadallah akafoka.

Najma alicheka mpaka wanja ukamtoka. Baba yake hakucheka. Makaburi hayakuwa mbali.

"Simamisha, zima gari," nikamwambia.

Nikainama chini ya usukani, nikafungua kifuniko cha fyuzi. Mungu wangu! Ya honi, karatasi imeungua na plastiki imeanza kuyeyuka. Ya wiper, karatasi. Ya taa, karatasi. Nami sikuwa na fyuzi hata moja. Nani anakwenda na fyuzi harusini?

"Zungushia karatasi nyingine, Mama Irine, twende."

"Thubutu! Fyuzi inakatika ili waya zisiungue. Karatasi yako inasubiri waya zishike moto, na mwanao amekaa humu na shela la nailoni. Una wazimu?"

Nikapekua tena, nikapata moja nzima, halisi, ya nguvu ileile: ya redio.

"Hiyo usiiguse," akasema haraka. "Leo kuna mechi."

Kumbe! Honi, taa, roho za abiria, vyote karatasi. Mpira ndio una fyuzi. Nilitamani kumzaba kofi mbele ya mwanawe. Akatazama barabara ya makaburini, akashusha pumzi, akaichomoa mwenyewe, akanipa niiweke kwenye honi.

"Sasa piga kidogo, pumzika," nikamwonya. "Hukamui ng'ombe."

Makaburini alipiga, msafara mzima ukaitikia, na vigelegele juu. Alijifuta macho, akasingizia vumbi.

Tulirudi wawili tu. Nikamwambia tuirudishe fyuzi kwenye redio, awahi kipindi cha pili. Akakataa. Tulipokaribia makaburi akapunguza mwendo, akaanza tena honi. Wanawake njiani wakapiga vigelegele, wakachungulia kiti cha nyuma, hakuna mtu.

"Baba Najma, ya nini tena? Si ameshasikia?"

"Ile ilikuwa ya mtoto," akasema. "Hii namwambia nyumbani nimebaki peke yangu."