Upande wa Ukutani

Juzi nilikuwa kwa fundi seremala mmoja wa Milanzi, nikisubiri stuli yangu, akaja mwanamume na kitanda cha sita kwa sita juu ya mkokoteni.

"Nipunguzie kiwe nne kwa sita."

Fundi akagonga mbao kwa kidole. "Kaka, huu ni mninga. Ukioa tena utajuta."

"Nalala na wanangu wawili," akajibu, huku akipapasa ubavu mmoja wa kitanda. "Tangu tumzike mama yao wananibana huku. Upande wa ukutani wanamwachia yeye."

Fundi akachomoa penseli sikioni, akairudisha.

Sisi msibani husema muda utaponya, kisha tunarudi makwetu kulala. Aliyebaki anatafuta mwenye msumeno.