Meno ya Usicheke

Mpiga picha huyu wa harusi mtaa mzima ulimwita Usicheke, maana neno hilo halikuisha mdomoni mwake. Alitaka picha zake zifanane na za majarida ya mitindo: bibi harusi ameegemea ukuta, bwana harusi anatazama mbali, na wote wawili wamenuna kama watu waliokumbuka kuwa wameacha jiko linawaka.

"Baba, hii ni harusi au msiba?" shangazi mmoja alimuuliza.

"Shangazi, kucheka kunaharibu picha."

Basi ikafika zamu yake, akamwoa fundi cherehani aliyemshonea mapazia ya studio. Kamera aliitega mwenyewe ipige picha yenyewe, kwa kuwa hakumwamini mtu. Bibi harusi akaegemea ukuta, akatazama mbali, akanuna barabara. Usicheke naye, picha baada ya picha, meno nje mpaka magego, kama mtoto aliyeonyeshwa pipi.

Picha moja mkewe ameitundika studio, mkabala na mlango. Wateja wakiuliza yule anayechekelea ni nani, Usicheke hujibu kuwa ni pacha wake. Mkewe, pale mapokezi, hutazama mbali.