Ndege Inayokula Hata Ikilala

Miaka ile ya mwanzoni mwa tisini, mtu wa Matongo, machimboni kule Tarime, akipata dhahabu, majirani walikuwa wanajua atafanya nini kabla yeye mwenyewe hajajua. Atanywesha kijiji, ataezeka bati, ataongeza mke, na baada ya muda mtamwona anarudi shimoni na kaptula ileile. Mogesi wa kijiji jirani cha Kewanja aliwaharibia utabiri. Shimo lake lilipotema dhahabu hakumnunulia mtu hata soda. Alivaa koti lake la kanisani, akadandia lori mpaka Musoma kuuza dhahabu yake, akarudi anatembea kama mtu aliyebeba yai mfukoni.

"Mama Gati," alimwambia mkewe Agustina, aliyekuwa anapepeta ulezi uani. "Nimeona ndege inauzwa."

"Ndege ya nini?"

"Ya kuruka."

"Najua inaruka, baba Gati. Nauliza ya nini?"

Alimweleza habari za biashara. Wanunuzi wa dhahabu walikuwa wanakwama kwenye tope la barabara ya Tarime kila masika; yeye angewapitisha juu. Watalii wa Serengeti nao angewabeba. Hayo yote yalikuwa maneno tu. Ukweli ni kwamba tangu Mogesi alipokuwa anachunga, ndege za kwenda mbugani zilikuwa zinampita juu ya kichwa, na hakuna hata moja iliyowahi kumsalimia. Mtu akikaa na jambo la namna hiyo moyoni miaka arobaini, halafu akapata dhahabu, mwombee tu.

Ndege yenyewe ilikuwa ya kampuni moja ya utalii iliyokwisha kufilisika. Iliachwa pembeni mwa uwanja wa Musoma, nyasi zimefika tumboni. Ilikuwa ya injini mbili, moja kila bawa, umri wake sawa na Azimio la Arusha. Bei ilikuwa ndogo kiasi kwamba Mogesi aliona aibu kwa niaba ya muuzaji. Aliikagua kama anavyokaguliwa ng'ombe mnadani: akaizunguka, akaipiga kofi tumboni, akavuta mkia, na kwa kuwa haikuwa na meno ya kuangalia, akaipiga teke la tairi. Akaridhika.

Hata hivyo hakuna Mkurya anayenunua ng'ombe bila jicho la pili. Akamtafuta Okech, Mjaluo wa Shirati aliyetengeneza ndege Nairobi miaka mingi, fundi kwelikweli, ila anapenda kusema kuliko kula. Okech alishinda chini ya ile ndege toka asubuhi. Alipotoka, uso umepakaa oili, alikuwa na huzuni ile ya daktari aliyekuta ugonjwa mkubwa na anaufurahia kidogo.

"Mzee wangu," alisema, "kuinunua siyo kazi. Hata mimi ningeinunua. Kazi ni kuifuga."

"Kufuga najua."

"Hii hujui. Kila injini ina saa zake za kuruka. Zikiisha, inafunguliwa yote, chuma kwa chuma, inaundwa upya."

"Hata kama haiumwi?"

"Hata kama inaimba kwaya."

Mogesi alimtazama kwa mashaka. "Fundi, ng'ombe anakula vizuri, anatoa maziwa, wewe unampasua tumbo umchungulie?"

"Ng'ombe akifa, mzee, wewe unakuwa umesimama chini."

Hilo Mogesi alilielewa haraka sana. Akauliza zimebaki saa ngapi. Okech akamwambia ya kushoto ilikwisha zamani na ya kulia inajikaza kiume tu. Na siyo injini peke yake. Mapanga yanayozunguka mbele ya injini nayo yana saa zake, mipira ya mafuta imekauka, na kila unachokitaja kipo mara mbili. "Watu wanadhani injini mbili ni gharama ya moja mara mbili," alisema. "Ni mara tatu. Ile ya tatu ni ya presha yako."

Mogesi akajikuna kidevu. Ghafla uso ukamng'aa.

"Fundi, umesoma lakini hujalima. Mimi nina maksai wanne. Wawili wanalima asubuhi, wawili wanapumzika. Sasa sisi tutaruka na injini moja moja! Wiki hii ya kulia, wiki ijayo ya kushoto. Saa zitaliwa nusu."

Okech alicheka mpaka akakaa juu ya tairi. "Yawa! Mzee, utazunguka hewani kama kondoo mwenye kizunguzungu! Zote zinavuta pamoja. Hiyo ya pili siyo ya zamu."

"Basi imewekwa ya nini?"

"Ili moja ikizimika upate nafasi ya kusali."

Mogesi hakuwa mtu wa karatasi. Kila gharama aliigeuza ng'ombe. Dhahabu ilitosha kuinunua ndege. Kufungua injini zote mbili na kuirudisha angani kulikuwa zizi zima, ukiacha maksai. Na hapo ndipo palipokuwa na mfupa, maana zizi halikuwa lake.

Kwa Wakurya, ng'ombe wa mahari ya binti ni wa nyumba ya mama yake. Baba atawachunga, atawasifia, atawatukana akipenda, lakini kuwauza bila neno la mama, labda awe amechoka kuishi. Agustina alizaa mabinti watupu, akawaozesha wote, Gati wa mwisho, na ng'ombe wao walikuwa wamejaa pale. Alikuwa na shughuli nao. Alitaka kuoa. Ndiyo, kuoa! Nyumba ntobhu hiyo: mama asiye na mtoto wa kiume anamtolea msichana ng'ombe, anamleta kwake, na watoto atakaozaa na mwanamume wa kuchaguliwa wanakuwa wa nyumba ya huyo mama. Msichana alikwisha kumpata huko Busawe, Mokami binti Nikodemo, wakaonana, wakachekeshana, wakapatana. Ila Nikodemo alisema waziwazi kwamba ng'ombe wakichelewa mpaka mavuno, kuna mwingine anabisha hodi.

"Wewe unataka kuruka, mimi nataka kuoa," Agustina alimwambia mumewe. "Zizi ni moja."

"Na huyo mke wako hana matengenezo? Atakula, ataumwa, atataka vitenge!"

"Atalima. Ndege yako italima?"

Mogesi akamfokea kuku. Agustina hakucheka. Aliweka ungo chini.

"Baba Gati, nisikilize. Mabinti zangu wote wana miji yao. Mimi nikifa leo, nyumba hii inazimika kama kibatari. Nani atasimama mlangoni pangu aseme hapa palikuwa kwa bibi? Naogopa. Nasema kweli, naogopa." Kisha akavuta pumzi. "Lakini nipeleke nikaione. Siwezi kumkataa mtu nisiyemjua sura."

Wakaenda Musoma. Okech alimwamkia shikamoo akiwa amevua kofia, na Agustina akaanza kumhoji palepale, mikono kiunoni.

"Isiporuka, inakula?"

"Mama, ikilala ndiyo inakula hasa. Kutu haipumziki. Mipira inakauka. Bima unalipa, maegesho unalipa, na kila mwaka lazima ikaguliwe, hata kama haijasogea hapa ilipo."

"Inakula hata ikilala."

"Kabisa, mama."

Mogesi alitamani ardhi immeze fundi wake. Ili kuokoa jahazi lake, alimwomba Okech awashe injini, mama asikie sauti. Wakapanda wawili, yeye na fundi. Ya kushoto ilikohoa ikakataa. Ya kulia ikakohoa, ikatema moshi, halafu ikanguruma, nyasi zikalala chini, kilemba cha Agustina kikachomoka. Kwenye kidirisha akamwona mumewe. Mzee mzima ameshika usukani ambao haumfikishi popote, mdomo wazi, machozi yanamtiririka na wala hana habari nayo. Agustina aliishi na mtu huyu toka ujana, akamwona siku za harusi na siku za misiba, na uso ule hakuwahi kuuona. Akaumia kwamba hakuwahi kuuona.

Injini ilizimwa, Mogesi akashuka, na mkewe akamwambia polepole, "Chukua ng'ombe."

"Nini?"

"Chukua. Nunua. Nimesema."

"Hapana," alisema Mogesi.

"Hapana nini, mwanamume wewe? Siyo wewe uliyeninyima usingizi?"

"Ng'ombe waende Busawe!"

"Hawaendi!"

"Wanaenda!"

Loo! Walivyogombania zizi lile nyumbani kila mmoja akilitaka, ilikuwa mchezo. Sasa kila mmoja analitupa kwa mwenzake, na sauti zilifika kwa walinzi wa getini. Okech alisimama katikati akigeuza shingo, hajui ampongeze nani. Mwishowe akauliza kwa adabu, "Samahani wazee wangu, kwa hiyo mimi nifungue injini au nifunge kisanduku changu?"

"Funga!" Mogesi alifoka. Halafu sauti ikashuka. "Mama Gati, mle ndani nilikuwa nakutazama. Umesimama peke yako kwenye uwanja wote ule, unakimbiza kilemba, hakuna hata mtu wa kukuokotea. Nikaona ndivyo utakavyokuwa mimi nisipokuwepo. Hii inakula hata ikilala, na haikui. Mtoto anakula, lakini anakua. Mimi nimefuga maisha yangu yote, na kitu kinachokula bila kukua hakijawahi kuingia zizini kwangu."

Agustina akafunga kilemba chake upya. Alimshika mkono mbele za watu, jambo ambalo wazee wa Kewanja hawafanyi, wakatoka hivyo mpaka getini.

Kabla ya mavuno ng'ombe walifika Busawe, na sherehe ilikuwa ya kutikisa. Agustina alikaa mbele kwenye kiti cha bwana harusi, pamoja na ndugu za Mokami, amenyooka, anapokea hongera. Mogesi aliwekwa nyuma kabisa na wageni wa kawaida, akapewa mfupa usio na nyama nyingi. Mzee mmoja wa upande wa Nikodemo, pombe imeshamkolea, alimwegemea begani akamuuliza, "Na wewe ndugu yangu, kwa bwana harusi ni nani?"

Mogesi alitazama kule mbele. Agustina alikuwa anacheka, amemshika Mokami begani, uso wake wote umefunguka, na ndipo Mogesi alipotambua kwamba uso huo naye hakuwahi kuuona.

"Mimi?" alisema, akajiweka sawa kwenye kigoda. "Mimi ni mume wake."