Kidude cha Miguu Minane

Mwaka jana, wiki chache baada ya mimi kuingia kidato cha nne, baba alimwambia mama kwamba mimi nimekua sasa na nimeacha kumwamkia. Alisema hayo uani, mimi nikiwa jikoni hatua tano tu kutoka pale, kwa ile sauti yake ya siku hizi ambayo yeye anadhani ni ya chini na majirani wote wanaisikia.

"Binti yako kapita hapa asubuhi kama anapita mbele ya mti. Hata shikamoo hana."

"Anakuamkia kila siku," mama akapaza sauti. "Wewe ndiye husikii."

"Nasikia mashine ikikohoa, nitashindwa kumsikia mwanangu?"

Nilikuwa nimemwamkia. Ila sauti yangu ni nyembamba. Darasani mwalimu huniambia nirudie, nirudie tena, mpaka naketi sijamaliza jibu. Na baba ameendesha mashine ya kukoboa mpunga hapa Kibiti tangu kabla sijazaliwa, na mashine ile imeyala masikio yake kidogo kidogo. Hospitalini walimweleza kwamba kilichokwenda hakirudi, labda apate kifaa cha kuvaa sikioni, na hicho ni mpaka Dar. Akasema hawezi kwenda Dar kutafuta kelele.

Mama alinishauri nimpigie kelele kama wanavyofanya wengine. Nilijaribu siku moja. Shikamoo ikipigwa kelele haiwi shikamoo tena. Baba alishtuka, akaweka kikombe chini, akaniangalia.

"Unanigombeza?"

Sikurudia.

Ndipo nilipoanza kufikiria kumtengenezea kifaa mwenyewe. Nafungua redio tangu darasa la sita. Ile ya kwanza, mbovu kabisa, baba mwenyewe aliniletea kutoka mnadani baada ya kunikuta nimeipasua tochi yake. Chini ya kitanda changu kuna beseni lililojaa spika, nyaya, bodi za simu zilizokufa. Kwa kulehemu natumia msumari niliouchomeka kwenye mpini wa mti, nauchoma kwenye mkaa mpaka uwe mwekundu. Na kwenye kitabu cha fizikia, kurasa za mwisho ambako mwalimu alikuwa hajafika, kuna mchoro wa mtambo mdogo wa kukuza sauti. Nilikuwa na maiki ya simu, betri, na hedifoni iliyobaki nzima upande mmoja. Nilikosa kitu kimoja tu, kile kidude cheusi cha miguu minane kinachofanya kazi yenyewe ya kukuza. Nilikuwa nacho kimoja kutoka redio ndogo, lakini kilikuwa kimeungua, kina tundu mgongoni kama limechomwa na sindano.

Huku kwetu spea ndogo kama hiyo huiagizi kwa jina. Unapeleka maiti yake. Fundi wa redio pale stendi anaifunga kwenye karatasi, anampa kondakta wa basi la asubuhi, na huko Kariakoo kuna mtu anatafuta cha kufanana nacho. Vinarudi pamoja, kilichokufa na kizima, kwenye karatasi moja.

Nilikwenda Jumamosi. Kwenye benchi la fundi walikuwa wamekaa wanaume watatu wasio na kazi pale. Nilikuwa nimeandika kila kitu kwenye karatasi ili nisiseme, namba ya kidude na matumizi yake. Nikamkabidhi pamoja na kile kilichoungua.

"Bibie, mbona unaniletea barua?" fundi akasema. "Ya shuleni au ya mahakamani?"

"Muulize anataka kurusha kituo gani," mmoja wa benchini akadakia. "Redio ya mabubu."

Nilicheka nao. Ndivyo ninavyofanya siku zote.

Kilirudi baada ya wiki. Fundi alikunjua karatasi mbele yangu, na pale pale nikaona namba siyo. Miguu ilikuwa minane, rangi ile ile, lakini namba ilikuwa nyingine kabisa.

"Ndicho chenyewe?"

"Ndicho," nikasema. "Asante."

Nikaondoka na kitu ambacho nilijua hakinifai, kwa sababu kusema siyo kungedai sentensi nzima na benchi lilikuwa limejaa. Nyumbani nilikifunga hivyo hivyo. Kilipata moto, kikatoa harufu, hakikutoa sauti. Kwa wiki mbili nilipita stendi nikitazama upande wa pili wa barabara.

Katika wiki hizo baba aliacha kulalamika. Hilo lilinitisha zaidi. Nikipita na shikamoo yangu alikuwa hainui hata kichwa, anakoroga chai tu, kama mtu aliyekwisha kukubali kwamba mtoto wake ndivyo alivyo. Nikaandika barua nyingine. "Shikamoo fundi. Kile hakikuwa chenyewe. Niliona pale pale nikashindwa kusema. Naomba kiwe cha namba hii hii." Fundi aliisoma kimya, akaikunja, akaitia mfukoni. Wale wa benchini walimwuliza imeandikwa nini, hakuwajibu.

"Ungesema tu, mwanangu," akaniambia.

Mara ya pili kilikuja chenyewe.

Mtambo wote niliupanga ndani ya kisanduku cha sabuni chenye mfuniko. Siku nilipomaliza, baba alikuwa ndiyo kwanza karudi kazini, nyusi zimejaa vumbi la pumba. Nilimwekea kisanduku mapajani, nikamchomeka hedifoni sikioni. Kikapiga mluzi, akakunja uso. Nikaigeuza maiki, mluzi ukakatika. Macho yakaanza kumhangaika.

"Huyo kuku?" akauliza. Kuku alikuwa anaparura karibu na kisima. "Na hiyo nini? Ufagio?"

Alicheka peke yake. Kisha akanigeukia.

"Haya. Sema."

Nilikuwa nimelingoja neno hilo wiki nyingi. Niliisogeza maiki mdomoni, nikasema, "Moja, mbili, tatu. Majaribio. Moja, mbili." Kama wanaopima spika kwenye harusi.

"Tatu," baba akaitikia. "Nasikia. Endelea."

Sikuwa na la kuendelea nalo. Nilisema, "Basi." Akaitikia kwa kichwa taratibu, kana kwamba nimemweleza jambo. Nilijifariji kwamba asubuhi haiko mbali, nitamwamkia akiwa amekivaa, na mambo yatakwisha.

Lakini baba alioga, akavaa kanzu, akatia kisanduku mfukoni, hedifoni sikioni chini ya kofia, akaenda barazani kunywa kahawa na wenzake. Alirudi mapema, hata isha haijaadhiniwa. Nilimsikia kupitia ukutani, akidhani anamnong'oneza mama.

"Kumbe nina jina. Zima Mashine, eti ndipo nisikie."

"Nani kasema?"

"Wote. Mmoja ananimiminia kahawa, huku anamwambia mwenzake, mpe Zima Mashine kashata yake aendelee kuchekacheka. Na mimi nikacheka. Nimezoea kucheka."

"Ungewaambia unasikia."

"Niwaambie ili iwe nini? Miaka yote nilidhani wakiniangalia na kutabasamu wananiheshimu."

Mimi nilikuwa nimekaa kitandani, na kitu kilichonijia kichwani kilikuwa kile kicheko changu cha kwenye benchi la fundi. Sikujua kama nimekirithi.

Asubuhi kisanduku kilikuwa rafuni, waya wa hedifoni umezungushwa vizuri. Baba alikuwa mlangoni na chai yake. Nikasema shikamoo kwa sauti yangu ile ile. Alikuwa anatazama ndani ya kikombe.

"Kidude chako kizuri," akasema. "Umekitengeneza vizuri sana. Toa spea zake, zitakufaa kwa kingine."

Nilimwuliza kama hatakivaa tena, hata nyumbani tu. Ama hakunisikia, ama sikusema kwa sauti ya kutosha.

Spea sijazitoa. Kisanduku bado kiko rafuni, na betri naichaji kila Ijumaa.

Baba naye amejitafutia njia yake. Akiona kivuli changu mlangoni tu, anainua kichwa na kusema, "Marahaba, mwanangu." Nikipita mara ya pili na ndoo anasema tena. Juzi alimwitikia mama, mama akacheka mpaka akakaa chini, na baba akacheka naye bila kujua kinachochekesha. Kwa hiyo hakuna anayelaumu mtu tena. Siku nyingine napita pale nimefumba mdomo, sijasema kitu, na anaitikia vile vile.