Joto Ndani ya Kihenge

Mbegu ile ya mtama mwekundu ilikuwa ya marehemu mke wangu. Alikuja nayo siku ya kuolewa, na kila mavuno alichagua masuke mwenyewe, akayatundika juu ya mafiga yapigwe moshi. Nilidhani moshi ni wa kufukuza wadudu tu. Shule niliishia darasa la pili, tena hilo la pili nilikuwa zaidi machungani.

Mwaka huu nimevuna bila yeye. Ndege wa kwelea kwelea walishuka, nikakata mtama haujakauka vizuri. Moshi nao hakuna, chakula naletewa na mkwe. Basi nikapura, nikamimina kihengeni, nikaziba kila tundu kwa udongo na mavi ya ng'ombe. Nikajisifu.

Wiki ya tatu nikasikia harufu ya pombe. Nilimshuku jirani kwanza, Mungu anisamehe. Kisha nikabomoa kihenge, nikaingiza mkono. Moto, kama kwapa la mtoto mwenye homa.

Mjukuu wangu wa kike, anayesoma sekondari Singida Mjini, alikuwa likizo.

"Shikamoo babu. Unafanya nini?"

"Marahaba. Nimehifadhi mbegu."

"Umeipika." Akacheka, akauona uso wangu, akaacha.

Akanieleza kwamba mbegu ni hai, inapumua. Chakula chake kimo ndani, inakivunja taratibu kwa hewa ipate nguvu ya kuishi, na hapo hutoka maji, hewa chafu na joto. Ikiwa kavu, na ndiyo kazi ya ule moshi, ni kama imelala. Ikiwa mbichi inahema mno, inajichemsha. Nami nilipoziba, hewa safi ikaisha, ikaanza kugeuza sukari yake kuwa pombe.

"Hata joto la mwili wako, babu, ni hilo hilo. Ugali wa jana huo."

Nikakaa chini. Kimea cha pombe nimekishika maisha yangu yote, kikifunikwa gunia kinapata moto, na mke wangu alikuwa akikigeuza akisema, "Acha kipumue." Nilimsikia, sikumsikiliza.

Tukaotesha punje kwenye gunia bichi. Za katikati ya kihenge, hakuna kitu. Za chini, hakuna. Za pembeni, ukutani ambako hapakuchemka sana, siku ya nne, punje saba zilitoa mzizi.

Nimezipanda nyuma ya bafu, zinywe maji ya kuogea. Kila asubuhi nawahi kabla ya ndege. Leo sita zimesimama. Ile ya saba nimeiinamia mpaka mgongo ukauma, sijajua kama bado inapumua.